Chumba na chai Shimoni: mwongozo wa mgeni anayetoka Elburgon

Elburgon ni mji wa baridi na mbao. Uko kwenye Kaunti ya Nakuru, ubavuni mwa msitu wa Mau, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai tunalala na mablanketi mawili. Likizo ya shule inapokaribia, majirani zangu huniuliza swali lile lile: je, familia ya watu wa kawaida inaweza kwenda Pwani bila kuingia hoteli kubwa? Jibu langu ni ndiyo, na mahali ninapowaelekeza ni Shimoni, kijiji cha bandari kilicho kusini mwa Kaunti ya Kwale, karibu na mpaka wa Tanzania. Nimelala pale mara kadhaa, kwenye nyumba za wenyeji wanaokupa chumba usiku na chai asubuhi kwa bei moja.

Makala haya ni ya wenzangu wa bara wanaotaka kufanya hivyo. Ni ya wenyeji wa Pwani pia, hasa wale wenye chumba kimoja au viwili vya ziada na wanaojiuliza kama biashara hii inawafaa. Ninaloshikilia ni jambo moja. Katika kijiji cha namna hii unalipia chumba, lakini unaingia nyumbani kwa mtu. Anayelielewa hilo tangu mwanzo hufaidi sana. Asiyelielewa hurudi bara na orodha ya kasoro.

Shimoni ni mahali gani

Jina lenyewe linatokana na shimo. Karibu na gati kuna mapango ya mawe ya matumbawe ambamo, kwa masimulizi ya wenyeji, watumwa walifungiwa wakisubiri kuvushwa kwenda Zanzibar, hadi soko la watumwa la huko lilipofungwa mwaka 1873. Wazee wengine husimulia pia kwamba mapango hayo yalikuwa mahali pa kujificha na pa kufanyia matambiko. Wanakijiji ndio wanaoyasimamia na kuwatembeza wageni, na kiingilio husaidia shughuli za kijiji.

Mbele ya gati, ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari, kuna kisiwa cha Wasini. Hakuna magari, na hakuna mito wala chemchemi za maji baridi. Kwa miaka mingi watu wamekuwa wakitegea maji ya mvua. Nje zaidi kuna Hifadhi ya Bahari ya Kisite, yenye kilomita 28 za mraba, na hifadhi jirani ya Mpunguti yenye kilomita 11 za mraba. Zote ziko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Humo kuna matumbawe, kasa na pomboo.

Wenyeji wa Shimoni ni Wachifundi, na wa Wasini na Vanga ni Wavumba, kila kundi likiwa na lahaja yake ya Kiswahili. Kuna Wadigo, na kuna Wapemba ambao wazee wao walivuka kutoka kisiwa cha Pemba na ambao serikali ya Kenya iliwatambua rasmi kuwa miongoni mwa jamii za nchi mwaka 2023. Mtu wa Elburgon aliyezoea Kiswahili cha stendi ya matatu atasikia maneno mapya mengi. Asiogope kuuliza maana. Watu wa huku hufurahi kuulizwa kuhusu lugha yao.

Njia ya kufika

Kutoka Elburgon unashuka Njoro, kisha Nakuru, kisha Nairobi. Kutoka Nairobi kuna mabasi ya mchana na ya usiku, na kuna treni ya Madaraka Express iliyoanza kazi mwaka 2017. Nauli ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa ilipandishwa Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Tikiti za Desemba huisha mapema, kwa hivyo kata yako wiki kadhaa kabla ya safari.

Treni ya asubuhi huondoka kabla hujafika Nairobi kutoka kwetu, na ya alasiri hukufikisha Mombasa usiku. Ushauri wangu ni kulala Nairobi, au kusafiri usiku kwa basi au treni, ili uingie Shimoni mchana. Kijiji hiki hakifai kuingiwa saa nne usiku na watoto mkononi, ukigonga malango ya watu waliokwisha lala.

Kituo cha treni kiko Miritini. Kutoka hapo, mwenye gari au anayekodi anaweza kupita barabara ya Dongo Kundu na kutokea Kwale bila kupanda feri. Wa matatu hupitia mjini na kuvuka Likoni, ambapo mtu wa miguu halipi. Ng'ambo unapanda matatu ya kwenda Lunga Lunga, unapita Ukunda, Msambweni na Ramisi, na unashuka njia panda ya Shimoni. Zimebaki takriban kilomita 15, ambazo ni kazi ya bodaboda au tuktuk. Patana nauli kabla mizigo haijafungwa.

Kuuliza kabla ya kulipa

Nyumba nyingi za aina hii hazina matangazo makubwa. Unaipata kwa simu, kwa kuelekezwa na mtu, au kwa kuuliza gatini. Kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa, uliza maswali haya.

Bei ni ya chumba au ya kichwa? Shilingi 3,000 kwa chumba cha watu wawili ni tofauti kabisa na shilingi 3,000 kwa kila mtu. Familia ya watu watano inaweza kujikuta inalipa mara tano ya ilichodhani. Uliza pia watoto wanahesabiwaje.

Chai ya asubuhi ina nini? Kuna nyumba ambako ni meza iliyojaa, na kuna nyumba ambako ni kikombe na vipande viwili vya mkate. Katika kijiji kimoja cha Pwani, ambacho si Shimoni, niliwahi kuambiwa wakati wa kuondoka kwamba chai ilikuwa na bei yake mbali, ingawa simu ilisema imo. Tangu hapo naomba jibu kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu. Ujumbe huo humlinda mwenyeji pia, kwa sababu wapo wageni wanaokumbuka makubaliano jinsi yanavyowafaa.

Choo na bafu viko ndani au uani? Maji yanatoka kwenye bomba, kisima au tangi? Kuna chandarua? Kuna feni, na umeme ukikatika kuna nini? Lango hufungwa saa ngapi?

Jambo la mwisho ni leseni. Chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, nyumba za wageni husimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na kaunti nayo hutoa kibali cha biashara. Nyumba yenye vibali haioni haya kukuonyesha. Utaombwa kitambulisho na jina lako litaandikwa kitabuni. Usilichukulie hilo kuwa dharau, kwa sababu ni usalama wako na wa mwenye nyumba.

Usiku wa kwanza

Mwili uliozoea Elburgon hushtuka. Utashuka zaidi ya mita elfu mbili kwa siku moja na kukutana na joto lenye unyevu ambalo halipungui hata usiku wa manane. Acha sweta kwenye begi, kunywa maji mengi, na usipange kutembea sana siku ya kwanza.

Mbu ndiye adui wa kweli. Kwetu nyanda za juu malaria si ya kawaida, kwa hivyo miili yetu haina kinga waliyo nayo wengi waliokulia Kwale. Lala ndani ya chandarua kila usiku, na ukikagulie kama kina matundu. Vaa mikono mirefu jioni. Kama una mtoto mdogo au mama mjamzito katika msafara, muone daktari kabla ya kusafiri akueleze dawa za kinga. Na mtu akishikwa na homa wiki chache baada ya kurudi, amwambie daktari kwamba alikuwa Pwani. Hospitalini kwetu homa inaweza kuchukuliwa kuwa mafua, na malaria haingoji.

Maji ya kuoga katika nyumba nyingi ni ya kisima na huwa na chumvi kidogo. Sabuni haitoi povu kama ya mto wetu, na nywele hukauka. Hiyo si hitilafu ya nyumba. Maji ya kunywa ni ya kununua au ya kuchemshwa. Ukivuka kwenda Wasini, kumbuka kwamba kila ndoo ya maji baridi pale ina thamani, na oga kwa kiasi.

Meza ya asubuhi

Hapa ndipo nyumba ya kijijini inapoishinda hoteli. Hoteli itakupa soseji na mkate wa kukata, vitu unavyoweza kula Nakuru. Mama wa Shimoni atakupa mahamri ya moto yenye harufu ya iliki, mbaazi za nazi, viazi vya karai, vitumbua au mkate wa sinia, na chai ya tangawizi. Siku nyingine kuna samaki wa kukaanga aliyenunuliwa gatini alfajiri hiyo hiyo. Sisi tuliozoea chai ya maziwa na nduma huona ajabu kula mbaazi asubuhi, kisha siku ya tatu tunaomba ziongezwe.

Kazi hiyo huanza mapema. Unga wa mahamri hukandwa usiku ili uumuke, nazi hukunwa na kukamuliwa, mbaazi hulowekwa siku moja kabla. Kwa hivyo mwambie mwenyeji jioni utaamka saa ngapi na mko wangapi. Ukitaka kuondoka na mashua saa moja asubuhi, usimpe habari hiyo saa kumi na mbili na nusu. Kama kuna chakula usichokula, sema siku ya kwanza.

Mwezi wa Ramadhani mambo hubadilika. Nyumba nyingi bado zitakupikia asubuhi, lakini anayekupikia amefunga. Kula ndani, usitembee na chupa ya soda barabarani, na jioni ukikaribishwa futari usikatae. Kwangu mimi hicho ni chakula bora zaidi cha mwaka mzima Pwani.

Adabu za nyumba

Kijiji ni cha Waislamu kwa sehemu kubwa. Adhana ya alfajiri itakuamsha, na hakuna mtu wa kulalamikiwa. Vua viatu mlangoni. Piga hodi na usubiri kuitikiwa, hata kama mlango uko wazi. Mwanamume asiingie jikoni au uani wanakokaa wanawake bila kuitwa. Nguo za kuogelea ni za baharini. Njiani jifunge leso au vaa suruali. Pombe usiingize ndani ya nyumba bila kuuliza, na ukiambiwa hapana, ni hapana.

Salamu ndizo ufunguo. Mzee mwamkie shikamoo. Mama mwenye nyumba muite Mama au Bi pamoja na jina lake, nahodha muite Nahodha. Kwetu Elburgon tuna haraka: tunauliza bei kwanza, salamu baadaye. Huku mtu akiulizwa bei kabla ya salamu hujibu, lakini bei hiyo huwa ya mgeni.

Usipige picha za watu, hasa wanawake na watoto, bila ruhusa. Ukitaka kubeba zawadi, beba viazi vya Molo au minji mibichi. Nimepeleka vyote viwili, na vilipokelewa kwa furaha kuliko kitu chochote cha dukani.

Bahari ina saa zake

Mgeni wa bara hupanga siku yake kwa saa ya mkononi. Shimoni watu hupanga kwa maji kupwa na kujaa. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji huwa ya bamvua: hujaa sana kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa sana kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, ambayo hayapandi wala kushuka sana. Muulize mwenyeji wako maji yakoje kabla ya kupanga lolote. Ndiye atakayekuambia saa ya kuogelea, saa ya kutembea mwambani, na saa ambayo mashua haiwezi kusogea ufukoni. Mwambani vaa viatu, kwa sababu kuna viumbe wenye miba mieusi inayovunjikia mguuni.

Majira nayo ni muhimu. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na bahari huwa tulivu na maji maangavu. Kusi hushika kuanzia Aprili, na mawimbi huwa makubwa zaidi Juni hadi Agosti. Likizo ya Agosti basi huangukia kwenye kusi. Mashua huweza kutoka, lakini wenye tumbo jepesi watateseka. Faida ya majira hayo ni nyangumi wa nundu, ambao hupita pwani ya Kenya kati ya Julai na Septemba. Mei ni mwezi wa masika, na sikushauri.

Ada ya hifadhi hulipwa kwa njia ya mtandao, na Mkenya mwenye kitambulisho hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Kabla ya kupanda, hakikisha kila mtu, pamoja na watoto, ana jaketi la kujiokoa, na alivae. Nahodha mzuri hatakasirika ukimuuliza. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za taifa, zikiwemo za baharini. Usiokote makombe, usisimame juu ya matumbawe, na usimshike kasa.

Ukiwa na siku ya ziada, vuka Wasini ukaone bustani ya matumbawe na njia ya mbao inayosimamiwa na kikundi cha wanawake. Au nenda Kibuyuni, ambako kina mama hulima mwani baharini. Kiingilio chako huko huenda moja kwa moja mikononi mwa wanaofanya kazi.

Kwa wenye nyumba

Sasa nigeuke kwa wenyeji. Utalii wa Pwani umeanguka mara nyingi mbele ya macho yetu: baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, baada ya maonyo ya usafiri yaliyotolewa na nchi za Magharibi mwaka 2014, na wakati wa korona mwaka 2020. Kila mara wageni wa ng'ambo walipotoweka, aliyeweza kuja ni Mkenya. Elburgon tunaujua uchungu wa kutegemea kitu kimoja. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma mwaka 2018, viwanda vingi vya mbao vilinyamaza, na mji mzima ukayumba hadi rais alipotangaza Molo, Julai 2023, kwamba marufuku imeondolewa. Msitegemee mgeni wa aina moja tu.

Mkenya wa bara anataka vitu vichache: bei iliyosemwa wazi, chandarua kizima, choo safi, na chai iliyoahidiwa. Hana haja ya kitanda cha kifalme. Andikeni bei zenu na mzibandike ukutani. Na bandari ya uvuvi ya Shimoni inapoendelea kuleta watu wa kazi na wa biashara, msikodishe kila chumba kwa mwezi mkafunga mlango kwa familia zinazokuja likizo. Mfanyakazi wa ujenzi ataondoka kazi ikiisha. Familia iliyoridhika hurudi na kuleta jirani.

Kuna sababu nyingine, na ni nzito kuliko pesa. Mwaka 1997 vurugu zilizoanzia Likoni ziliwafukuza watu wengi wa bara kutoka sehemu za Kwale. Kwetu, Molo na Elburgon, majirani walichomeana nyumba mwaka 1992 na tena mwanzoni mwa 2008. Sehemu zote mbili zinajua mtu anavyoweza kuambiwa ghafla kwamba hapa si kwao. Ninapoketi uani Shimoni, mtoto wangu akifundishwa na mtoto wa mwenye nyumba kumenya kaa, najua kwamba watoto hao wawili watakuwa na jina la mtu wa kumtaja siku wanasiasa watakapokuja na maneno ya "wa bara" na "wa Pwani". Hoteli yenye ukuta na lango haiwezi kutupa hilo.

Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo inamtaka mgeni aje na kheri na mwenyeji aache mlango wazi. Wenzangu wa Elburgon, Desemba bahari imetulia na mahamri yako tayari. Pigeni simu mapema, ulizeni bei ni ya chumba au ya kichwa, na mbebe viazi.